Siku Mama Alipoleta Trekta Kutoka Holili

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na vumbi hunirudisha Holili, asubuhi moja ya mwezi wa tatu nilipokuwa na miaka tisa. Trekta letu lilikuwa limeegeshwa kwa rafiki wa baba, karibu na mpaka. Baba alikuwa amelipeleka huko kulimia watu mashamba, akateleza akishuka, akavunjika mguu. Sasa alikuwa amelazwa hospitali mjini Moshi, na juu ya mlima mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nyumbani kwetu ni Machame, lakini shamba la mahindi lilikuwa chini kabisa, tambarare, ng'ambo ya mto Kikavu, na lilikuwa halijaguswa. Mvua haimsubiri mgonjwa. Tulitafuta dereva tukakosa; kila mmoja alikuwa na shamba lake. Ndipo mama akasema, "Nitalileta mwenyewe." Mjomba akacheka. "Shambani umezoea, dada. Lami ni kitu kingine."

Mimi nililia mpaka akakubali kwenda nami. Alinikalisha juu ya madigadi ya gurudumu la nyuma, akanifunga kwa kanga kwenye kiti chake, tukaondoka na jembe la plau likining'inia nyuma. Trekta lilinguruma hadi meno yangu yakatetemeka. Mabasi yalitupita yakipiga honi, abiria wakichungulia madirishani kumtazama mwanamke aliyeshika usukani. Mama hakugeuza shingo. "Mwenda pole hajikwai," aliniambia kwa sauti kubwa ili nisikie. Himo, askari wa barabarani alitusimamisha, akaomba leseni huku akitabasamu kama mtu anayejua haipo. Mama akafungua pindo la kanga, akaitoa. Askari aliisoma mara mbili. "Mama, hii ni yako kweli?" "Picha inafanana na nani, baba?" Nami sikujua kama anayo! Kumbe aliipata kabla sijazaliwa, akaitunza miaka yote hiyo.

Mjini tulipita hospitali. Baba aliuliza nani kalileta trekta hadi Moshi. "Mimi," mama akajibu. Baba akasema taratibu, "Mama Ndeshi, ukifika mteremko wa Kikavu, gia ya pili. Usikanyage klachi mpaka darajani, litakukimbia." Hakumwambia asiende.

Pale Kikavu niliogopa kwelikweli. Mteremko ulikuwa mkali, na nyuma yetu lori lilikuwa limetukaribia mno. Nilihisi mwili wa mama umekakamaa, lakini mguu wake haukugusa klachi, na trekta likateremka likikoroma, hatua kwa hatua, hadi darajani. Huko ndiko nilikomsikia akicheka peke yake. Jioni tuliingia shambani, na mjomba aliyekuwa akitungoja alivua kofia. Alfajiri iliyofuata mama alianza kulima. Alipomaliza mfuo wa mwisho, matone yakaanza kudondoka.

Siku hizi trekta hubebwa juu ya lori, na safari ile ya kutwa nzima mimi huimaliza kwa gari langu kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Binti yangu anasomea ufundi wa mitambo, na sijasikia mtu akimcheka. Mama, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo kati ya migomba yake, huona hayo ni mambo ya kawaida tu. Mimi ndiye nisiyeweza kunyamaza. Kila mgeni akija nyumbani, kabla hajamaliza shikamoo yake, huwa nimeshaanza kumsimulia.