Hesabu ya Minazi

Kwetu Mtongwe watu hawahesabiwi. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi, atakujibu, "Wapo, alhamdulillahi," na ukimbana atakutazama kama mtu aliyekuja na kijicho. Mimi nilisoma hadi sekondari, na ujana wangu wote niliicheka tabia hiyo.

Juzi alikuja binti wa jirani, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Hupita nyumba kwa nyumba na simu ya kazi, akiuliza mko wangapi, nani anaumwa, mnalima nini. Safari hii kulikuwa na vyandarua, na vilitolewa kwa hesabu ya wanaolala nyumbani.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Mwalala wangapi humu?"

"Marahaba. Twalala wa kutosha, mashallah," mke wangu akajibu, huku akikuna nazi.

"Bibi, simu hii haielewi mashallah. Yataka nambari."

"Basi iambie imche Mungu."

Binti akacheka. Akaandika sukari yangu na presha ya mke wangu, kisha akageukia kilimo. Muhogo hatuna tena. Minazi je?

"Minazi hesabu," mke wangu akasema. "Kila aliyezaliwa humu, kitovu chake kilizikwa uani na mnazi wake ukapandwa papo hapo. Ukijua minazi umejua watu."

Binti akaenda uani. Mimi nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Nilijua atakachokiona: vyumba vya kupangisha, mahali pa mnazi wa kitinda mimba wetu. Niliukata yeye akiwa kazini hotelini Shanzu, wala sikumuuliza mtu. "Mti ni mti," nilimwambia mke wangu. Binti yetu alipokuja Idi alikuta mabati. Alisimama pale, akasema, "Baba, kumbe nilishahamishwa." Alikula pilau akaondoka. Tangu siku hiyo humpigia mama yake tu.

Sasa ana mimba ya kwanza, na miezi inakaribia kutimia. Desturi yetu mtoto wa kwanza mwanamke huja kumzalia kwao. Lakini nilimsikia mwenyewe kwenye simu akimuuliza mama yake, "Nije nizalie wapi, chumba cha mpangaji?"

Mhudumu akarudi. "Nimeiona sita, bibi."

"Mmoja hukuuona. Muulize babu yako uko wapi."

"Niliukata," nikasema. Sikuwahi kumwambia mtu wa nje. "Niliukata nikajenga. Lakini mwenyewe yupo, mwandike."

"Alala hapa, babu?"



"Atalala," nikasema. "Yeye na mtoto wake. Andika wawili."

Mke wangu akaiacha nazi. "Astaghfirullah! Mtoto yuko tumboni, wamhesabu! Wewe mzee, mti hukuuhesabu ulipoukata, leo wahesabu mimba?"

Mhudumu akajifanya kuitazama simu yake. Aliniachia vyandarua vyetu, akasema cha binti yetu atakileta siku binti atakapofika, inshallah.

Wallahi, mimi niliyeicheka tabia ile niliingiwa na hofu kwamba hesabu yangu itamdhuru mtoto. Nilizunguka uani hadi mguu ukaniuma. Mwisho nikampigia binti yangu, mimi mwenyewe.

"Baba? Mama ana nini?"

"Mama yako mzima. Njoo nyumbani uzae."

 Nikasikia sahani zikigongana jikoni kwao.

"Na kitovu cha mwanangu mtakizika wapi, baba? Chini ya saruji?"

Nilitazama huku na huku. Ardhi iliyobaki wazi ilikuwa kipande kimoja tu, hapo kando ya mlango, chini ya kiti changu.

"Mlangoni," nikasema. "Ninapokaa mimi."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Nitahamishwa."

Alicheka kidogo, au alikohoa, sikujua. Akasema, "Tutaona, baba," simu ikakatika.

Asubuhi nilichimba shimo kando ya mlango, nikalijaza samadi ya mbuzi. Mche wa mnazi nimeuegemeza ukutani, umsubiri mwenyewe azaliwe. Mke wangu alipita akauangalia, akaumwagia maji.

Binti yangu hajafika bado. Kila pikipiki ikipunguza mwendo natoka nje. Kiti changu hakijapata pahali. Nakiweka huku, nakitoa, nakiweka kule.