Lami ya Mtani Wangu

Egemeza baiskeli yako hapo ukutani, uketi, unisikilize kidogo. Nakuona ukipita hapa kila siku, umeinama juu ya usukani kama mtu anayefukuzwa, na honi ikilia nyuma yako unarukia mchangani. Sikucheki. Nataka tu kukueleza jambo nililoliona mwenyewe enzi za Mwingereza, katika barabara hii hii, kisha ulipime.

Wakati ule nilikaa Temeke na kufanya kazi Chang'ombe, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya nazi. Jumapili jioni nilifundisha watu kuendesha baiskeli katika uwanja wa mpira. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima, wengi wao wageni kutoka bara. Kumfundisha mtu mzima kunataka subira. Mtoto akianguka hucheka. Mtu mzima akianguka hutazama kwanza nani kamwona. Ndiyo maana nilipenda kuanguka nao kidogo, wapate kunicheka mimi.

Mmoja wao alikuwa Mnyamwezi, na mimi ni Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Ikiwa kwenu utani umefifia, nikukumbushe: mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu nawe usikasirike, na wewe vivyo hivyo. Ruhusa hiyo haiishi kwa kifo. Mmoja akifa, mwenzake huja msibani na kufanya vituko, hata kuzuia maiti isipite mpaka apewe anachodai. Waliofiwa humvumilia, maana ni haki yake.

"Mtani," nilimwambia siku ya kwanza, "babu zako walibeba pembe za ndovu kichwani toka Tabora mpaka pwani. Hii baiskeli ni ya kukaliwa, usije ukaitia kichwani."

"Afadhali babu zangu walifika," alinijibu akiwa chini, baiskeli juu yake. "Wa kwako walikwenda ngomani, mpaka leo hawajarudi."

Alijifunza haraka kwa kuwa alilazimika. Tulikuwa kiwanda kimoja, lakini yeye alipanga mbali, ng'ambo ya Mtoni. Usiulize kwa nini mfanyakazi apange mbali na kazi yake. Ardhi ya karibu ilikuwa ya maghala, na iliyo nzuri ilikuwa ya nyumba za wakubwa. Mfanyakazi alipewa umbali. Ule mwendo wa asubuhi hakuna aliyemlipa, ingawa bila huo mwendo mashine isingezunguka.

King'ora kikilia, geti lilifungwa. Aliyebaki nje amekosa siku yake. Akirudia, amekosa kazi. Na mtu wa bara asiye na kazi mjini alikamatwa kama mhuni, akapakiwa kwenye treni kurudishwa kwao. Mtani wangu alikuwa ameshapewa onyo la mwisho. Akichelewa tena asubuhi moja tu, kazi imekwenda, chumba kimekwenda, na mji umekwenda, yeye na mkewe na mtoto wao mchanga.

Sasa itazame barabara yenyewe. Ilitiwa lami katikati tu, upana wa lori moja. Waliolipa walipima mzigo, hawakupima watu. Kandokando palikuwa na mchanga, na mvua ilikuwa imeula mchanga ule hata ukingo wa lami ukasimama kama ngazi. Gurudumu la baiskeli likishuka pale, halipandi tena. Nao madereva wa malori ya kiwanda walilipwa kwa safari: mwenye safari nyingi amepata, anayekwenda taratibu amejipunja. Dereva hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto kama sisi. Aliyepanga malipo yale alikaa ofisini na hakuwahi kumgonga mtu maishani mwake.

Mimi niliwafundisha watu wangu hivi: honi ikilia nyuma, usiruke. Shika mstari wako, inua mkono, dereva akuone, kisha tafuta pahali pazuri ushuke kwa hiari yako. Lakini nyapara wetu alisimama getini akatangaza kwamba baiskeli zinachelewesha mzigo. Akisikia yeyote amezuia lori, atamfukuza. Honi ikilia, wote mchangani.

Kwa hiyo mtani wangu kila asubuhi alishuka, akasukuma, akapanda, akashuka tena. Na kila kushuka kulikula muda wake.

"Nifanye nini, mtani?" aliniuliza njiani. "Nikitii honi nachelewa, na kuchelewa ni kufukuzwa. Nisipotii, nafukuzwa kwa kutotii."

"Huoni wamekufundisha kucheza ngoma?" nilimwambia. "Karibu Uzaramo."

Alicheka sana. Baiskeli yake haikuwa na kengele, kwa hiyo alipiga mluzi kuwaonya waendao kwa miguu, na asubuhi ile aliupiga mfululizo. Ilikuwa baada ya mvua. Tulikuwa tumechelewa, naye alikuwa mbele yangu.

Honi ililia. Aligeuza shingo, akatazama mchanga, akatazama bomba la moshi la kiwanda, ambalo tayari lilionekana. Hakushuka, wala hakushika mstari. Alijaribu njia ya tatu, isiyokuwapo: alipanda juu ya ukingo wenyewe wa lami, apite palepale. Gurudumu la mbele liliteleza, likashuka. Yeye aliangukia upande wa lami, na tairi za nyuma za lori zilikuwa bado hazijapita.

Sitakueleza zaidi ya hapo. Nilivua shati nikamfunika.

Dereva alisimama, akashuka, akakaa chini barabarani na mikono kichwani. Wapanda baiskeli waliokuwa nyuma yetu walifika, wakasimama. Ndipo king'ora kikalia. Niliwaona wakimtazama marehemu, kisha wakitazama kiwanda. Baadhi yao walipanda wakaenda. Usiwalaumu, tafadhali. Mimi sikuwalaumu hata siku ile. Walikwenda wakilia, na walikwenda upesi.

Askari walikuja, wakapima barabara kwa kamba. Walipouliza juu ya kengele, nikasema alikuwa akipiga mluzi. Hawakuandika mluzi.

Tulimzika siku ileile baada ya alasiri. Ruhusa ya kutoka mapema hatukupewa, basi tulisubiri wenzetu watoke kazini, nao walitoka getini moja kwa moja wakaja kubeba jeneza kwa zamu, wengine wakisukuma baiskeli. Tulijaa barabarani. Nyuma yetu likatokea lori, ni lile lile, limeshaoshwa, limeshapakiwa, lakini dereva ni mwingine, na kando yake ameketi msimamizi wa Kizungu.

Baiskeli ya mtani wangu nilikuwa nayo mimi, rimu imepinda kama ukindu. Nilirudi nyuma nikailaza katikati ya lami, nikakaa juu yake.

Dereva alizima moto, akatoa kichwa nje. Alikuwa mtu wa pwani, alijua mara moja. "Wewe ndiye mtani wa marehemu?"

"Ndimi."

"Basi, bwana, dai lako lisikawie. Huyu mzungu wangu ana haraka."

"Mwambie marehemu naye alikuwa na haraka."

Watu wakacheka. Ndiyo, kwenye mazishi. Utani unaruhusu, na saa nyingine kicheko ndicho kilio kilichobaki. Msimamizi akauliza kwa Kiswahili chake cha amri, "Nini hii? Toa baiskeli!" Kisha akanyoosha mkono mwenyewe akabonyeza honi.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sitalisahau. Honi ililia, ikalia tena, na hakuna aliyekwenda mchangani. Wenye jeneza walisimama juu ya lami, na jeneza halikutikisika. Watu waliozoea kuruka kila asubuhi kwa sauti ile walisimama kama hawakuisikia.

"Nadai lami," nilisema. "Mlimnyima akiwa hai, mpeni leo. Tutakwenda mpaka makaburini katikati ya barabara, na ninyi mje nyuma, kwa mwendo wa jeneza."

Dereva alimtafsiria. Sijui alitafsiri yote. Msimamizi alikunja uso, akafunga kioo. Dereva akawasha moto, akaja nyuma yetu taratibu, taratibu, mpaka makaburini, na mzigo wake ukachelewa.

Sasa usidhani tulishinda. Kesho yake asubuhi askari walinichukua kwa kuzuia barabara, nikafungwa, na nilipotoka kazi yangu ilikuwa na mtu mwingine. Dereva aliyelifuata jeneza alifukuzwa pia. Wa asubuhi ile walimbakiza. Uchunguzi ulisema marehemu hakutii honi. Mkewe alirudi bara kwa treni, mtoto mgongoni, kabla hata arobaini haijafika. Na malori yaliendelea kuua.

Siku zile watu wa siasa walikuwa wamekwisha anza kuja uwanjani kwetu kutuhutubia juu ya kujitawala. Nilijiunga, na sikujuta. Lakini nilinyoosha mkono nikauliza: bendera ikibadilika, king'ora kitakuwa cha nani? Mwenye lori akiwa mweusi kama mimi, lami itapanuka? Walinipigia makofi, hawakunijibu. Wewe unapita barabarani kila siku, unajua jibu kuliko mimi.

Kilichobaki ni kidogo, nami nakupa. Wale waliosalia kiwandani walianza kungojana asubuhi kwenye njia panda. Hakuna aliyewaagiza. Walikwenda kundi moja, juu ya lami, na aliye mzee au mgonjwa au mgeni wa baiskeli walimweka mbele, wengine wote wakashika mwendo wake. Lori likija, lililazimika kupunguza, kwa maana hakuna mtu mmoja wa kusukumwa. Na wakichelewa, walichelewa wote. Nyapara alifukuza wachache, kisha mashine ikakosa mikono, akajifunza kuliacha geti wazi kidogo baada ya king'ora. Kidogo tu. Kwa mtani wangu kidogo hicho kingetosha.

Basi inuka, jua linazidi. Kaza hiyo breki ya nyuma kabla hujaondoka. Na kesho usitoke peke yako: wangoje wenzako njia panda, na mwenye mwendo mdogo kuliko wote mtangulizeni mbele.