Majani Mpaka Mlangoni

Mvua za kwanza baada ya mume wangu kupunguzwa kazi kiwandani, maji yaliteremka kutoka mlimani yakachimba nyuma ya nyumba yetu Kiseke mpaka msingi ukaonekana. Mume alikuwa ameshakwenda machimboni, kufuata dhahabu ambayo hadi leo sijaitia machoni. Nyumba aliniachia mimi, pamoja na mama yangu mzazi na watoto. Ukuta wa nyuma ungeanguka, hatukuwa na pa kwenda.

Saruji ilikuwa ndoto. Lakini kule ufukweni mwa ziwa nilikokwenda kila asubuhi kuchukua mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya viwanda kuondoa minofu, niliona mmea wa majani ya mviringo, madogo kama vifungo vya koti, umetambaa juu ya tope. Wanawake waliukanyaga, walifulia juu yake, mawimbi yaliupiga, na udongo wake haukuondoka. Jina lake sikulijua wala sikuuliza. Niliung'oa na tope lake, nikautia kwenye ndoo juu ya mapanki, nikarudi nao nyumbani, nikaupandikiza nyuma ya ukuta.

Kila kifundo kilichogusa udongo mbichi kiliota mizizi, ila jua kidogo tu, umenyauka. Basi maji ya kuogea, ya vyombo, ya kuoshea samaki, yote niliyabeba nyuma ya nyumba. Mgongo uliniuma mpaka nikazoea. Watoto waliomba maji ya kunawa, nami nikawaambia wakanawie kwenye majani.

Na mama yangu alifagia. Alilelewa Bujora, na kwake uwanja ulifagiliwa alfajiri, ukabaki udongo mtupu wenye mistari ya ufagio. Alipozunguka nyuma, ufagio wake wa vijiti uling'oa kila kilichoanza kushika.

"Mama, nakuomba, huku usifike."

"Nyoka wataingia, mwanangu."

"Ukuta utaanguka!"

"Uwanja haushindi bila kufagiwa," alisema, akaendelea.

Asubuhi zile nilimchukia, nasema kweli. Nilipiga magoti kupanda upya alichong'oa, halafu nikaenda kukaanga mapanki sokoni.

Kisha kaka yake akaugua kule Bujora, ugonjwa ule ambao miaka hiyo hatukuutaja kwa jina, mama akaenda kumuuguza. Nilimsindikiza hadi kituoni na nikarudi mwepesi. Mvua zilipoanza, mmea ulijitandaza nyuma yote. Maji yaliteremka, yakapita juu yake, yakaenda zake. Ukuta ukasimama.

Uwanja wa mbele sikuufagia tena. Nilirudi jioni nikiwa na nguvu za kupika ugali tu. Mmea ukakata kona, ukafuata maji ya vyombo, ambayo sasa niliyamwaga mbele, hadi kizingitini, nami nikauacha. Nilifurahi hata, kwamba kuna kazi moja inajifanya yenyewe.

Siku moja, nikitoka sokoni, jirani yangu aliniita kutoka mlangoni kwake.

"Mama yako yuko kwangu, njoo upesi. Amekaa hapa tangu mchana. Nimemwambia mko wazima, hataki kusadiki."

Nilimkuta mkekani, furushi lake mapajani, maji aliyopewa hajayagusa. Alikuwa ametoka kumzika kaka yake. Alifika kwetu akakuta mlango umefungwa, watoto wako shule, na majani yamejaa uwanja mzima. Hakupiga hodi.

"Shikamoo, Mama."

Aliushika mkono wangu, akauminya kutoka kiganjani hadi begani, polepole, kama anayechagua kuku mnadani.

"Kule kwetu nyumba zilizokwisha watu ziko hivi," alisema. "Majani mpaka mlangoni. Nilipoona na hapa, nikasema, hata wewe. Nikaogopa kuuliza umezikwa wapi."

Nilitaka kumweleza habari za ukuta. Badala yake niliketi chini mkekani, nikampa na mkono wa pili.