Kura ya nyumba, nikiwa edani

Mume wangu alifariki kura ya wapangaji ikikaribia, kuamua kama majumba yetu ya mtaa wa Kilburn, huku ughaibuni, yabomolewe au yabaki. Yeye ndiye aliyekuwa akibisha milango kuwahimiza watu wachague yabaki. Mimi nilikuwa nakaa eda, sitoki, basi nikaitumia simu. Kila aliyepiga kunipa pole nilimshukuru, kisha nikamwuliza kama ameshapiga kura.

"Shoga, hata msiba umeufanya kampeni!" alicheka rafiki yangu wa jengo la pili, huku analia.

"Nataka nimalize eda katika nyumba aliyoniacha," nikamwambia. "Wewe umeshapiga?"

Akaniaga haraka. Alasiri, dirishani, niliuona mwavuli wake ukielekea ukumbi wa kura, na nyuma yake wanawe wakubwa wakilalamika kwa Kiingereza.