Bomba Tulilolifungua Likivuja

Nilikuwa fundi wa maji, mgeni kutoka Dodoma, nilipopelekwa Mbaha kuteremsha maji ya kijito cha mlimani hadi kijiji kipya cha ujamaa kando ya ziwa. Wanakijiji walichimba mtaro, mimi nikaunga mabomba. Tulipojaribu, kasoro zikajitokeza: viungo viwili vilivuja, koki ya mwisho haikufunga sawasawa, na chujio la kule kwenye chanzo lilikuwa limepasuka. Vipuri vilikuwa Songea, na mvua zilikuwa zimekata barabara.

Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji tusubiri. Niliona aibu kukabidhi kazi inayovuja.

Jioni akanifuata mama mmoja, balozi wa nyumba kumi. Siku chache nyuma binti yake alikuwa akiteka maji ziwani, mamba akaibuka. Alinusurika kwa kuiacha ndoo na kukimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivyo viungo vinavyovuja vitaua mtu?"

"Hapana. Maji yatapotea, na patakuwa na matope."

"Na koki?"

"Itadondosha tu."

"Na hilo chujio?"

Hapo nikasita. Uchafu ungeingia kwenye maji ya kunywa, na majani yangeweza kuziba bomba lote.

"Hilo siwezi kuliacha," nikasema.

"Basi tengeneza hilo. Mengine tuambie yako wapi, tutajihadhari."

Mwenyekiti alitoa kipande cha wavu wenye matundu madogo kabisa, wa kuvulia usipa, wale dagaa wa ziwa lile. Tukapanda nao hadi kwenye chanzo, tukaukunja, tukaufunga kwa waya juu ya ufa. Nikajaribu tena, ukashika.

Asubuhi, kabla ya kufungua, niliwaonyesha watu kila kasoro. "Hapa panavuja, na pale. Koki hii msiizungushe kwa nguvu. Vipuri vikija nitarekebisha."

Nilitegemea manung'uniko. Mvuvi mmoja akacheka: "Fundi, hata mitumbwi yetu inavuja, na tunavua."

Maji yalikohoa, yakatoka na tope, kisha yakatakata. Kina mama wakapiga vigelegele. Nilikaa juu ya jiwe, nikahisi mabega yangu yanalegea kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Mchana nilikula ugali wa muhogo na samaki nyumbani kwa yule balozi, nikaomba niongezewe. Barabara ilipofunguka, vipuri vikaja, nikavifunga bila haraka.