Miguu ya Zamani ya Boti ya Zahanati

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeshuka kutoka Ikuti mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa na begi moja, na Fundi Mkuu wa karakana ya boti akanikalisha juu ya debe nitazame tu. Alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya. Mchana aliniita kwenye boti iliyopandishwa mchangani.

"Mashine iko wapi?"

Nikaonyesha chuma kilichoning'inia nyuma, chenye propela.

"Huo ni mguu. Mashine iko ndani, imelala kama ng'ombe zizini. Ukivichanganya tena hivyo viwili, rudi kwenu ukachume chai."

Ninyi mnaoanza ufundi leo mnaona zaidi mashine zinazofungwa nje, kila kitu kikiwa kipande kimoja. Boti zetu hazikuwa hivyo. Nguvu ya mashine ilipenya ukuta wa nyuma wa boti, ikaingia mguuni, ikateremshwa na gia mpaka kwenye propela. Pale mguu ulipokutana na ukuta palikuwa na buti, yaani mpira unaokunjika, wa kuzuia maji yasiingie. Gia zenyewe zilikaa ndani ya oili, na oili hiyo ilijazwa kwa pampu ya mkono kutoka shimo la chini, ikipanda mpaka itokeze shimo la juu. Ukianzia juu, hewa inanaswa ndani. Utaona oili inafurika, kumbe mguu haujajaa. Mara ya kwanza nilianzia juu. Fundi Mkuu aliimwaga yote akanirudishia pampu.

Nilikaa pale miaka sita, kisha miguu yangu mwenyewe ikaanza kuwasha, ikitaka safari. Nilikwenda Mwanza, nikafanya kazi chini ya Msimamizi aliyepima usafi wa karakana kwa kuivaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Nikaenda Kigoma, kwa Nahodha ambaye kwa miaka minne hakuniita jina. "Wewe wa ndizi," alikuwa akisema, "hiyo sauti ya mashine ya kulia umeisikia?" Mara nyingi sikuwa nimeisikia. Siku nilipoisikia kabla yake, aliniagizia samaki mzima.

Katikati ya safari hizo nilirudi Nyasa kwa muda, kuhudumia boti ya zahanati. Ilikuwa ya faiba, yenye mashine mbili na miguu miwili, ikihudumia vijiji vilivyo chini ya milima ambako barabara haifiki. Nilipoondoka tena, kazi nilimwachia Bakari, fundi wa matrekta na Fuso hapa Ibighi, Tukuyu, ambaye babu yake alikuja kutoka Tanga na cherehani begani. Miguu ilikuwa ikifunguliwa na kupandishwa huku kwake kwenye pikapu, kwa sababu kule chini mchanga huingia kwenye gia. Nilimwandikia karatasi moja ya maelekezo. Nilikuwa na haraka; basi la asubuhi lilikuwa linaningoja.

Bega langu la kulia lilipokataa kuinua vitu vizito, nikastaafu nikiwa na miaka arobaini na sita, nikarudi Tukuyu. Sikuwa hata nimemaliza kuezeka jiko, kamati inayoiendesha boti ya zahanati ikaniita. Ndani ya misimu mitatu gia zilikuwa zimeungua mara tatu. Mara ya mwisho Sista wa zahanati, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alipiga kasia saa nzima akiwa na mjamzito sakafuni. Mwenyekiti, mkulima wa Kyimo, alitaka miguu mipya, ile ya kisasa yenye propela mbili kila mmoja. Akiba ya kamati ingeishia hapo, na boti ingekaa nchi kavu masika yote. Lakini kama ningesema ya zamani ibaki, kisha ife katikati ya ziwa, ningemwambia nini Sista?

Nilishuka kwanza kuikagua boti. Niligonga ukuta wa nyuma kwa mpini wa nyundo, shubiri kwa shubiri. Mbao iliyooza ndani ya faiba hutoa sauti butu. Hii ililia vizuri. Mashine zilikuwa nzima, ila za nguvu ndogo. Miguu mipya ilitengenezwa kwa mashine kubwa zaidi, na ukuta ungebidi utobolewe upya. Mwendo ungeongezeka kidogo sana.

Kisha nikapanda Ibighi kwa Bakari. Mvua ilikuwa inanyesha, tukafanya kazi mlangoni. Nilimwaga oili ya mguu wa kushoto. Ingekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, ningejua maji yameingia. Ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, na ilikuwa pungufu karibu nusu. Wa kulia vilevile.

"Bakari, unajazaje?"

"Kama ulivyoandika, mwalimu." Akaibandua ukutani karatasi yangu, iliyotunzwa ndani ya nailoni. Ilisema: *Jaza oili mpaka ifurike.* Basi. "Nafungua shimo la juu, namimina, inafurika, nafunga. Kama gia boksi ya Fuso."

Nilisoma mwandiko wangu mara mbili. Shimo la chini sikulitaja. Kwangu lilikuwa jambo la kila mtu.

Mwenyekiti na Sista walikuja jioni ile, Mwenyekiti na picha za miguu mipya kwapani. "Haya, mtaalamu. Tuagize?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua.

"Msiagize," nikasema. "Miguu haina kosa, na Bakari hana kosa. Kosa ni langu, liko kwenye karatasi hii." Nikawaeleza.

Mwenyekiti alikunja picha zake taratibu. Sista aliisoma karatasi. "Kwa hiyo mimi nimepiga kasia kwa ajili ya sentensi moja."

"Ndiyo, Sista. Nisamehe."

"Rekebisha. Na safari ya kwanza utapanda."

"Na kasia apewe yeye," Bakari akasema.

Tulibadilisha gia zilizoungua, tukaweka buti mpya na sili mpya za kuzuia oili isivuje, tukajaza kutoka chini. Wiki ya pili nilikaa nyuma ya boti, kasia kweli likiwa magotini. Sista hakuwa anatania. Tulikwenda mpaka kijiji cha mwisho tukamchukua mama mmoja, tukarudi. Nilisikiliza kulia, nilisikiliza kushoto. Tulipofika Sista alichukua kasia, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akampeleka mgonjwa wake.

Masika yamepita. Bakari amelizungushia shimo la chini rangi nyekundu kwenye miguu yote miwili, na karatasi mpya imeandikwa kwa mwandiko wake, si wangu. Nina migomba yangu, jiko limeezekwa, nalala vizuri. Ila kila mwezi nashuka ziwani. Wakiniuliza, nasema naenda kukagua oili. Bakari ameshaikagua, nami najua.