Dada Eduvigis na Mbegu za Mwanawe

Dada yangu Eduvigis amekuwa akichoma na kuuza chipa, vile vimkate vyetu vidogo, tangu alipoachwa na mumewe. Alfajiri huwa ameshakanda unga wa muhogo na jibini, na basi la kwanza la Asunción linapofika njia panda linamkuta na kapu lake kichwani. Abiria wanaujua ulimi wake. Anayeuliza kama chipa ni za leo hujibiwa, "Za leo ni hizi. Uliyelala ni wewe."

Mtoto wake ni mmoja, Derlis. Alipokuwa na miaka kumi na minne alipata saratani ya damu, tukampeleka hospitali Asunción. Njiani Eduvigis alimwahidi Bikira Maria wa Caacupé, mahali tunapokwenda kuhiji, kwamba mwanawe akipona atakuwa padri.

Daktari, mama mmoja mpole aitwaye Portillo, alitueleza kwamba dawa za kuua saratani huenda zikaua pia uwezo wa Derlis kuzaa. Kwa kuwa alishabalehe, mbegu zake zingeweza kuchukuliwa na kugandishwa, zikakaa miaka mingi. Ila iwe kabla ya dawa, na dawa zilikuwa zianze kesho yake. Eduvigis akakataa. Alisema padri hana haja na mbegu, na kuzihifadhi ni kumdanganya Bikira.

Daktari akasema mgonjwa mwenyewe lazima aulizwe. Mimi ndiye baba yake wa ubatizo, basi kazi ikaniangukia. Nilikaa kando ya kitanda nikazungumzia mpira, kisha mvua, kisha ng'ombe wa jirani. Mwishowe nikamweleza huku nikitazama dirishani.

"Kumbe jasho lote hilo ni kwa ajili ya hili tu, mjomba?" akasema. "Waziweke."

Mama yake, aliyekuwa mlangoni, akamkumbusha ahadi.

"Uliahidi wewe, mama, mimi hukuniuliza. Nenda wewe Caacupé kwa miguu. Mimi nataka kuja kuwa na watoto."

Eduvigis akaenda kumwita daktari, akatia sahihi ya kukubali, kisha akanivuta mkono tukatoka nje, kijana aachwe peke yake na kikopo alichopewa na daktari.

Derlis alipona. Siku hizi anaendesha lori la maziwa. Alipopimwa ukubwani hakukutwa na mbegu hata moja. Mwaka jana alipopata mchumba, Nimia, aliona haya kumwambia, akamwomba mama yake amsemee.

Eduvigis alimwambia Nimia mbele ya tanuri, mikono imejaa unga.

"Mwanangu, huyu Derlis hawezi kukupa mimba hivihivi. Mbegu zake ziko hospitali, zimegandishwa. Mkitaka mtoto mtakwenda kwa daktari. Huenda ikawezekana, huenda isiwezekane. Nakwambia sasa ili uamue ukiwa unajua."

Nimia akamuuliza dada kama ni yeye aliyewaza kuzihifadhi.

"Mimi nilikataa. Aliyetaka ni Derlis mwenyewe," dada akasema, huku akitoa sinia tanurini. "Haya, nishikie hiyo sinia, mkono wangu unaungua."

Nimia akaishika, akauliza hospitali yenyewe iko mtaa gani.